Mtaa Unaotazama Juu

"Mlango ulivunjwa?" Inspekta Hanne aliuliza, kalamu mkononi.

"Aa, haukuvunjwa," Odiel alijibu. "Ulikuwa umeegeshwa tu. Na kengele imevishwa soksi."

Inspekta akaacha kuandika. "Soksi?"

"Ya sufu. Ilikuwa ya marehemu mke wangu."

Mahojiano haya yalifanyika jikoni kwa Firmin na mkewe Godelieve, ingawa aliyeibiwa ni jirani yao Odiel. Odiel mwenyewe aliomba iwe hivyo. Mgeni lazima apewe kahawa, na kitu alichoibiwa Odiel kilikuwa mtambo wa kahawa. Katika Mtaa wa Viberiti hatumhoji mtu wala hatuhojiwi kikombe kikiwa kitupu, hata na polisi.

"Jumapili ni siku ya njiwa, dada inspekta," Firmin alifafanua, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Njiwa wetu wa mashindano wanaachiwa asubuhi kule Orléans, Ufaransa, mchana wako hapa. Lakini njiwa kufika si kushinda. Mpaka aingie bandani akanyage kile kibao cha mashine ya kupima muda, kilie pip. Sasa akiwa bado juu ya paa, kengele ya mlango ikilia, basi tena! Anabaki huko huko anakushangaa, na mwenzako wa mtaa wa pili anachukua ushindi. Ndiyo maana kengele tunaziziba na milango tunaegesha. Jirani anaingia mwenyewe, kimya kimya."

"Na mwizi pia," alisema Godelieve kutoka kwenye sinki.

Inspekta Hanne alikuwa mwenyeji wa jiji la Gent, mjini kwetu ameletwa na uhamisho. Alimgeukia Odiel. "Wewe ulikuwa wapi mwizi alipoingia?"

"Uani kwangu."

"Umbali gani toka mlango wa mbele?"

"Kama hapa na pale." Odiel alionyesha jokofu.

"Peke yako?"

"Peke yangu wapi! Tulikuwa saba. Na Firmin alikuwepo."

"Watu saba," inspekta alisema taratibu, "mchana kweupe, mtu anapita na mtambo wa kahawa hapo, na hakuna aliyeona kitu?"

Firmin na Odiel walitazamana. Jibu walikuwa nalo, tatizo lilikuwa jinsi litakavyosikika.

"Tulikuwa tunatazama juu," Odiel akasema.

Godelieve alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Inspekta naye alijaribu kujizuia akashindwa. Kisha akaweka kalamu chini, akazungumza bila ukali.

"Wazee wangu, hii ni Jumapili ya tatu, nyumba ya tatu, mtaa huu huu. Ng'ambo ya mto Dender, kwenye zile nyumba mpya za watu wenye nazo, wanaibiwa siku za kazi, maana mchana hakuna mtu. Huku kwenu siku za kazi mwizi hathubutu. Mpo madirishani tangu alfajiri, paka akivuka barabara mnajua ni wa nani na anatoka kwa nani. Mwizi hatafuti nyumba ya tajiri. Anatafuta saa ambayo macho hayapo. Na nyie saa hiyo mmempangia wenyewe, mkamfungulia na mlango."

"Mwambie, mwambie," Godelieve alisema, akifuta mikono. "Mimi nimeimba wimbo huo mpaka sauti imekauka. Jumapili ijayo tuba langu litakuwa chumba cha mbele, Firmin. Unasikia?"

Tuba ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalopakatwa kama mtoto mnene. Hilo la Godelieve lilikuwa mali ya bendi ya mji, lakini kabla yake alilipuliza baba yake mzazi mpaka mwaka aliokufa, na mahali pa kushikia palikuwa pamelika kwa vidole vya watu hao wawili. Jumapili hiyo saa kumi bendi ilikuwa inatimiza miaka mia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Godelieve alipewa kipande cha kupiga peke yake, uwanjani, mbele ya mji mzima. Wapiga tuba huwa hawapewi vipande vyao. Kazi yao ni kuunguruma nyuma wakati wengine wanapigiwa makofi. Kwa hiyo alikuwa amelileta nyumbani kufanya mazoezi, akitetemeka kama bibi harusi.

"Nitafunga," Firmin alisema. "Kwa ufunguo."

"Apa."

"Naapa."

"Apa kwa Bawa-Jeupe."

Hapo Firmin akageukia kahawa yake kwanza. Bawa-Jeupe alikuwa njiwa jike wa bluu mwenye manyoya meupe kwenye bawa la kushoto, na kwa sababu yake Firmin alikuwa anaongoza mashindano ya msimu kwa tofauti ndogo tu. Jumapili hiyo ndiyo ya mwisho. Akishinda, basi katika uzee wake ataitwa bingwa wa chama, jina ambalo hakuwahi kuitwa hata siku moja. Inspekta Hanne aliona jinsi mume alivyositasita, akaona pia jinsi mke alivyoona, akainamisha macho kwenye kikombe chake.

"Haya. Kwa Bawa-Jeupe," Firmin alisema.

Lazima niseme ukweli kuhusu Firmin, maana ni mtu mwema na watu wema nao wana mabaya yao. Miaka kadhaa nyuma Godelieve aliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia viazi, akatoka uani analia, akimwita. Njiwa alikuwa juu ya paa. Firmin aliinua kidole kimoja, bila hata kugeuza kichwa: subiri. Mkono ulipona. Kidole kile hakikupona. Godelieve alikifanya mzaha, akawa anawaambia wageni, "Mimi nikianguka nife Jumapili, Firmin atanizika njiwa wakishatua," na wageni wanacheka, na Firmin anacheka, na yeye anacheka zaidi ya wote. Lakini usiku mwingine, akiosha vikombe, alikuwa akiliangalia lile kovu muda mrefu kuliko linavyohitaji kuangaliwa.

Jumapili ilipambazuka nyeupe, anga haina hata doa. Redio ilisoma habari za njiwa kama inavyosoma kila Jumapili: Orléans, upepo mwanana, wameachiwa. Mtaa mzima ukapiga hesabu kichwani, ukaenda kutoa viti.

Annelore, binti yao, alikuwa amekuja kutoka Gent kwa ajili ya mama yake. Anakaa ghorofa jipya lenye kamera kila kona, na baiskeli zake tatu zimeibwa chini ya kamera hizo hizo.

"Mama, umependeza," alisema. Godelieve alishavaa suruali nyeusi ya bendi yenye mstari wa dhahabu. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, lisije likapata doa la mchuzi.

"Baba yako kafunga mlango?"

"Nimefunga!" Firmin alipaza sauti kutoka uani. "Nenda ukautikise!"

Godelieve alikwenda akautikisa. Ulikuwa umefungwa kweli. Akalipapasa tuba pale kwenye kochi, akarudi uani, akakaa kwenye kiti chake, karibu na dirisha la jikoni. Majirani watano walishakaa. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, cha Odiel.

Odiel alikuwa na shida yake. Baada ya maneno ya inspekta aliamua naye kufunga nyumba, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule, na ufunguo alikuwa hajauona tangu mazishi ya mkewe. Akapekua makabati, akapekua mitungi ya sukari, mwisho akaukuta umeshikilia mguu wa meza uliokuwa unacheza. Huku nyuma Firmin anakaa hatulii. Dakika zinakwenda, na yeye anamwona rafiki yake kwa macho ya moyo: Odiel amesimama nje ya mlango uliofungwa, hawezi kugonga kwa sababu ni mtu wa njiwa, hawezi kuondoka kwa sababu ni mtu wa njiwa.

"Naenda chooni," alinong'ona.

Hakwenda chooni. Alikwenda kwa vidole vya miguu mpaka mbele, akageuza ufunguo, akauegesha mlango. Dakika tano tu, alijiambia. Odiel akifika ataufunga. Odiel alifika kweli, akapenya, akakaa, anahema. Lakini kufunga hakufunga. Mlango ukifungwa unalia kloko, na maisha yake yote Odiel hajawahi kuliza mlango siku ya njiwa. Mazoea yana taabu.

"Huyoo," Annelore alisema chini chini.

Nukta nyeusi ilitokea juu ya mnara wa kanisa, ikawa njiwa, ikakunja mabawa, ikashuka. Bawa jeupe lilimeta. Hakuna njiwa mwingine angani, si wa Odiel, si wa Marcel muuza nyama aliyekuwa anamfuata Firmin kwa pointi. Bawa-Jeupe alitua juu ya paa la banda, akajikung'uta, akaanza kutembea kando ya mfereji wa mvua kama mama mkwe anayekagua jiko.

Watu wote wakawa mawe. Firmin pekee ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutikisa kitu, kopo la mahindi, polepole, chaka, chaka.

"Njoo mama. Njoo mama yangu. Ingia ndani."

Njiwa alipiga hatua moja kuelekea mlango wa banda.

Godelieve alihisi kitu kikipita pembeni ya jicho lake. Dirisha la jikoni linaona jikoni, na mlango wa jikoni, ukiwa wazi, unaona chumba cha mbele. Kwenye chumba cha mbele alisimama mwanamume wa makamo, amevaa kizibao cha manjano kama fundi wa umeme. Tuba lilikuwa mikononi mwake.

"Firmin," alinong'ona.

Firmin akainua kidole.

Kile kile, na vile vile, bila kugeuza kichwa. Godelieve alikiona, na moyo wake ukapoa kama maji yaliyosahaulika bafuni.

"Firmin. Tuba la baba."

Firmin aligeuza macho, macho tu. Akaona. Mwizi naye, kupitia vioo, akawaona wote wanamwona. Kisha mwizi akafanya jambo ambalo mtaani kwetu litasimuliwa mpaka wajukuu walichoke. Alilibana tuba kwa mkono mmoja, akaweka kidole kwenye midomo, shii, na kwa kidole hicho hicho akawaonyesha juu. Njiwa. Halafu akageuka, akaanza kuondoka. Hakukimbia. Alitembea kwa adabu, hatua laini, kama mtu anayetoka kanisani ibada haijaisha.

Alijua hawatasimama. Nao walijua kwamba anajua.

Bawa-Jeupe alipiga hatua ya pili. Bado moja tu. Firmin aliiona hatua hiyo kabla haijapigwa, akasikia pip kabla haijalia, akajiona ukumbini anapewa mkono na Marcel. Kisha akamtazama mkewe. Godelieve hakuwa anamtazama mwizi wala njiwa. Alikuwa anakitazama kidole, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hakutegemea kingine.

Firmin akasimama. Kiti kikaanguka kwa kishindo.

"Firmin, njiwa!" Odiel alipiga ukelele wa kunong'ona.

"Njiwa na aende zake!" Firmin alinguruma. "Mwizi! Mwizi huyo! Wee! Rudisha tuba la mke wangu!"

Katika Mtaa wa Viberiti hakuna aliyewahi kupiga kelele mchana wa Jumapili ya njiwa. Hata watoto wetu walijifunza kulia kimya. Sauti ya Firmin ilipanda juu ya paa zote, Bawa-Jeupe akaruka kama aliyepigwa risasi, na nyuma yake wakaruka njiwa wa kila banda, wale waliokuwa ndani na wale waliokuwa wanawasili, wingu zima la mabawa. Mtaa mzima ukashusha macho kutoka mbinguni kwa pamoja. Watu wakatoka mbele kuuliza ni nani mwendawazimu huyu.

Walichokiona ni hiki: mtu wa kizibao cha manjano anateremka mtaa na tuba kifuani, nyuma yake mzee Firmin na kiatu kimoja, bado ameshika kopo la mahindi, nyuma yake Godelieve na suruali ya mstari wa dhahabu, kisha Annelore, kisha majirani, na mwisho Odiel aliyebeba kiti chake kwa sababu alisahau kukiweka chini.

"Mshikeni!" Godelieve alipiga kelele. "Lakini msilibonyeze!"

Milango ilifunguka pande zote. Hakuna aliyemgusa yule mtu. Hawakuhitaji. Walitoka tu, mmoja mmoja, na fimbo zao, na aproni zao, bibi mmoja na kisu chake cha kumenyea viazi, wakasimama barabarani wakamtazama. Alikuwa na mzigo mzito, na mbele yake kulikuwa na macho yale yote ya siku za kazi. Alisimama. Akaliegemeza tuba ukutani taratibu, hakulitupa, akainama kushika magoti, pumzi zimemwishia.

"Kaa," Odiel alisema, akamwekea kiti.

Inspekta Hanne alipofika alimkuta mshukiwa amekaa katikati ya mtaa amezungukwa na wazee, anakula keki ya maziwa mgando. Bibi fulani alikuwa amemkabidhi huku akimsimanga.

"Jitu zima! Huna haya! Chukua nyingine."

"Mtambo wangu wa kahawa uko wapi?" Odiel aliuliza.

"Uko kwangu, mzee. Unavuja."

"Ndio, unavuja. Weka kitambaa chini."

"Tuanze mwanzo," inspekta alisema, akijitahidi uso usicheke. "Saa ulizijuaje?"

Mwizi, aliyesema anaitwa Wannes, alifuta makombo. "Redio. Wakitangaza njiwa wameachiwa, naangalia upepo, napiga hesabu. Wakikaribia, naingia. Marehemu baba alikuwa na njiwa, kule Ninove. Mdogo wangu alizaliwa jikoni, mama anapiga kelele, baba yuko uani anasema ngoja huyu atue kwanza." Akamtazama Firmin kwa mshangao wa kweli, karibu heshima. "Sijawahi kumwona mtu wa njiwa akisimama."

Godelieve alikuwa amepiga magoti akilikagua tuba. Kinywani mwa tuba palikuwa pamebonyea, upana wa sahani, mahali lilipogonga fremu ya mlango. Akainua kichwa.

"Mlango nilikuta umefungwa. Nani kaufungua?"

"Mimi," Firmin alisema. "Nilidhani Odiel kasimama nje."

"Uliapa kwa Bawa-Jeupe."

"Ndiyo maana nimempoteza." Alitazama angani kidogo tu, hapakuwa na kitu. "Nisamehe, Godelieve. Na ule mkono. Ule mkono pia unisamehe."

Alisema hivyo mbele za watu, mbele ya polisi na mwizi, mzee mwenye soksi moja iliyotoboka. Godelieve alipokea mkono wake akainuka. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Vaa kiatu, mume wangu," alisema. "Tutachelewa."

Saa kumi uwanja ulijaa pomoni. Wakazi wa Mtaa wa Viberiti walikaa safu moja, kila mmoja na ufunguo mfukoni, wakijipapasa kila mara kuhakikisha haujatoroka. Mashindano walikuwa wameshapoteza wote. Ushindi wa msimu ulikwenda kwa Marcel muuza nyama, mtaa wa pili, ambaye alikuja mwenyewe kumpa Firmin mkono na soseji. Bawa-Jeupe alikuwa bado hajarudi. Firmin hakulisema hilo, ila kopo la mahindi lilikuwa mfukoni mwa koti lake la sherehe, na likawa linalia chaka kila akihema.

Kiongozi wa bendi alishusha mikono. Matarumbeta yote yakanyamaza. Godelieve akasimama, mdogo nyuma ya tuba lake lililobonyea, akavuta pumzi. Sauti ya kwanza ilitoka na mkwaruzo, kwa sababu ya lile bonyeo, au kwa sababu ya baba yake, nani ajuaye. Ya pili ilitoka nzito na safi, ikatembea juu ya mawe ya uwanja mpaka miguuni mwa watu. Annelore alishika mdomo.

Hapo ndipo kivuli kidogo kilipopita. Safu yote ya Mtaa wa Viberiti ikainua shingo kwa mpigo mmoja. Njiwa wa bluu alikuwa anapita juu ya uwanja, chini chini, amechoka, anaelekea nyumbani, na bawa lake la kushoto lilikuwa jeupe.

Odiel alimchoma Firmin kiwiko. "Ni yeye! Firmin! Tazama juu, ni yeye!"

Firmin hakutazama juu. Macho yake yalikuwa kwa mkewe. Bila kugeuza kichwa, aliinua kidole kimoja mbele ya uso wa Odiel: subiri.

Godelieve alikiona kidole kile kutoka nyuma ya tuba. Nusura acheke, na mpiga tuba akicheka hawezi kupuliza. Akajikaza, akaishika sauti yake, akaipeleka mpaka mwisho.